Fuwele ya Kwanza ya Bi Shemsa

Siku mbili baada ya kutoka eda, Bi Shemsa alichuchumaa mbele ya muuza mawe kuchagua fuwele yake ya kwanza. Alitaka kitu cha kutazama nyumbani, kilichobaki vile vile Mungu alivyokiumba.

Mashaka, mwenye mawe, aliokota moja la zambarau lenye vumbi, akalilamba lote ili ling'ae, akamnyooshea likichuruzika mate.

"Chukua, mama. Hili linaleta mume kabla mwezi haujaandama."

"Astaghfirullah! Nani kakuomba mume?"

"Basi liweke chini ya mto, dua zifike upesi."

Mashaka alipocheka, Bi Shemsa akaona ulimi wake umegeuka zambarau.

"Umelipaka rangi, umelilamba, na bado unamsingizia Mola!"

"Wajuzi wote hulamba, mama."

Bi Shemsa akainuka aondoke. Hapo akaona bonge la tope lililoshikilia pembe ya turubai, na upande mmoja uliomeguka ulikuwa mweupe.

"Na hilo?"

"Takataka hiyo, chukua bure." Na kwa mazoea, Mashaka akalilamba kwanza.

Bi Shemsa alilipokea kwa ncha ya kanga, uso kaugeuza pembeni. Bombani akaliosha mara saba, kila mara kwa bismillahi, hadi tope likaisha na fuwele ikaonekana, kisha akaliinua jiwe juani. Ndani kabisa palifungwa tone la maji, ambalo ulimi wa mtu haujapata kulifikia. Akaliinamisha jiwe, na tone likatembea polepole kuja upande wake.