Ulimi wa Kuazima

Kila atimizaye miaka hamsini huitwa zahanati akazimwe ladha ya sukari ulimini, asiitamani tena na kisukari kisimpate. Bi Mwanamkasi alizimwa mwaka juzi, na kwa ukaidi wake akaapa kwamba chakula cha nyumbani kwake hakitapooza. Akabuni uji wa mtama wenye iliki, malenge ya kuchoma yenye ufuta, na mbaazi za nazi, ambazo ndizo zilikuwa fahari yake. Ulimi wa kuonjea utamu aliuazima kwa mumewe, Mbaraka, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka miwili.

Asubuhi ile alimdondoshea mchuzi wa mbaazi kiganjani. Mbaraka akalamba, akafumba macho.

"Nazi imekolea. Utamu wake umekaa pale pale."

Bi Mwanamkasi akageuka kutazama bakuli. Tui zito lilikuwa bado humo, halijatiwa chunguni.

"Wamekuita lini, bwana?"

Mbaraka akafuta kiganja kwenye kikoi. "Wiki ya tatu sasa."

"Na siku zote hizi unanisifia?"

"Ningekwambia, ungeacha kupika. Mimi nife kwa njaa na wewe ufe kwa huzuni?"

Bi Mwanamkasi akacheka, huku machozi yakimlengalenga. Akamimina tui lote, akakoroga, akadondosha tone kiganjani mwake na jingine kiganjani mwa mumewe. Wakalamba pamoja. Kisha wakatazamana wakisubiri, kana kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa bado na mtu wa kuulizwa.