Mdakaji Asiyetakiwa

“Mikono ya huyo mtoto Birdsong imepakwa siagi,” Marvella Tubbs alisema, akatupa mfupa wa kuku kwenye sahani ya karatasi. “Ukimrushia mpira, ujue umeutupa.”

Renita Oyler hakuinua macho kwenye simu yake. “Msimu mzima wa chuo kaangusha miwili tu.”

“Hiyo ni ile iliyoonekana.”

Madereva wa mabasi ya shule ya Toledo walikuwa wamejifungia katika chumba chao cha mapumziko, shule zikiwa karibu kufunguliwa, ili kila mtu ajichagulie wachezaji wa ligi yao ya kubuni ya futiboli ya Kimarekani, mpira ule wa kurushwa na kudakwa kwa mikono. Mchezo wenyewe si mgumu. Unachagua wachezaji wa kweli, wale wa kwenye televisheni, na wanachokifanya uwanjani Jumapili kinageuka pointi zako. Anayeshika mkia mwisho wa msimu anaendesha basi wiki nzima akiwa amevaa vazi la kuku, upanga mwekundu wa jogoo kichwani na yote. Mwaka jana lilimwangukia Renita. Watoto wa darasa la pili bado humwigizia kuku kila wakipanda.

Ndiyo maana safari hii Renita hakuwa na masihara. Alitaka mdakaji chipukizi, kijana anayeingia ligi kuu kwa mara ya kwanza, ambaye wenzake hawajamshtukia. Waliobaki wa maana walikuwa wawili: Cade Lindholm na Tavion Birdsong.

“Lindholm mrefu kama nguzo ya umeme,” Renita alisema. “Lakini anayemrushia mipira ni mzee, mkono umechoka. Birdsong ana mrushaji mzuri, na yule mdakaji wao mkubwa kaumia goti. Mipira yote itakuwa yake.”

“Itamfikia, ndiyo. Atakuwa anatoka damu puani,” Marvella alisema. “Jua likimpiga kidogo tu, pua inafunguka.”

“Hilo umelitoa wapi, shoga?”

“Nimelisikia mahali. Na asubuhi anakula piza ya jana, baridi. Mtu wa hivyo atamaliza msimu?”

Gus Wojcik, aliyesimama kwenye ubao akiandika majina ya waliochaguliwa, akacheka mpaka tumbo likatikisika. Gus ndiye mwanzilishi wa ligi, na dereva wa zamani kuliko wote.

“Msimsikilize huyu bibie,” alisema. “Anamponda kijana ili tumwache, halafu yeye amnyakue kwa ulaini. Namjua. Mwaka wake wa kwanza hapa alitaka kuniuzia mkabaji aliyevunjika mguu.”

Chumba kizima kikacheka, naye Marvella akacheka. Hakukanusha.

“Nichukue yeyote, ilimradi asiwe kama yule wangu wa mwaka jana,” Gus aliendelea. “Mpira umemgonga kifuani, mstari wa goli uko pale, kauangusha. Nikamwandikia hukohuko mtandaoni, kwenye ukurasa wake. Nikamwambia mama yake angemfundisha kufuma vitambaa.”

“Akajibu?” Renita akauliza.

“Hakujibu. Niliandika kila Jumatatu. Mwishowe kafunga ukurasa.” Gus alicheka tena. “Wanalipwa bwana, wavumilie.”

Marvella alichukua kipande kingine cha kuku, akakitazama, akakirudisha.

Zamu ya Renita ilipofika, alisita. Kidole kilikwenda kwa Birdsong, kikarudi.

“Ukimchukua,” Marvella akamwambia taratibu, “ninakuona umevaa manyoya Desemba.”

Renita akafumba macho. “Lindholm,” alisema, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Waliofuata nao Marvella aliwashughulikia mmoja mmoja. Huyu alimwambia Birdsong huwa anaogopa radi. Yule alimwambia kijana akikemewa ananuna siku nzima, na kocha wake wa sasa hajui kunyamaza. Mwingine alimwambia tu, “Wewe una watoto, jihurumie.” Alikuwa akisema huku anatabasamu, na kila mmoja aliona kabisa kwamba anachezewa, lakini hakuna aliyetaka kuvaa kuku.

Ikafika raundi ya mwisho. Walibaki wawili tu wa kuchagua, Marvella kisha Gus, na jina la Tavion Birdsong lilikuwa bado halijaguswa.

“Haya sasa,” Gus alisema, akiwakonyeza wenzake. Alikuwa tayari ameandika herufi ya kwanza. “Chukua mzigo wako, mama. Umeufanyia kazi.”

Marvella alimtaja mchezaji mmoja mzee wa kupiga mpira kwa mguu, ambaye hata Renita hakuwahi kumsikia.

Mtu mmoja aliacha kutafuna. Gus aligeuka polepole, kalamu mkononi.

“Hebu rudia.”

“Umenisikia.”

“Jioni nzima umehangaika hivyo, halafu humtaki?”

“Simtaki. Wala hakuna anayemhitaji. Tumwache.”

“Mimi namhitaji,” Gus alisema, akaugeukia ubao. “Zamu ni yangu, na damu ya pua hainitishi.” Kisha udadisi ukamzidi, akageuka tena. “Lakini kwanza niambie ukweli, Marvella. Huyu kijana amekukosea nini?”

Marvella alijifuta mchuzi vidoleni, kidole baada ya kidole, akaikunja karatasi na kuiweka mezani.

“Alinikalisha leba siku mbili,” alisema. “Chagua mwingine, Gus.”