Waya Kwenye Mpini Mwekundu

Kabla ya kupaa na ndege ile isiyo na injini, kila rubani hufumba macho na kupapasa mpini mwekundu, ule wa kung'oa kifuniko cha kioo ikibidi kujirusha kwa parachuti. Mwanaidi alipapasa, vidole vikakuta waya.

"Mwalimu, nani kaufunga mpini?"

"Mimi. Jana mwenzako kauvuta kwa kukosea, nusura kioo kipasuke," alisema Lugendo, akitazama mawingu. "Wewe paa tu, dada. Hutauhitaji."

Mwanaidi akafungua mikanda, akavua parachuti mgongoni, akampa.

"Basi na hili kaa nalo."

Lugendo akabaki amelipakata kama mtoto wa watu. Mbele yao, kamba ya kuvutia ndege ilianza kunyooka nyasini.