Kobe Anafuatilia kwa Karibu

Wanasimulia kwamba ng'ambo ya mto, Chui aliwafungia swala pangoni, kwa kosa la kumlilia mwenzao aliyeliwa naye. Nungunungu, mbunge asiyechoka kuuliza, akasimama bungeni.

"Mheshimiwa Waziri, serikali inafanya nini?"

"Tunafuatilia kwa karibu," akajibu Kobe, Waziri wa Mambo ya Nje, asiyependa kusumbuliwa.

Kila kikao jibu likawa hilo hilo. Nungunungu roho ikamuuma, akatoa hoja: "Mlangoni pa pango ni karibu zaidi. Waziri ahamie huko."

Wabunge wakagonga meza, hoja ikapita. Palepale Kobe akamtumia Chui ujumbe: swala wasipotoka, chumvi yetu huionji tena. Jioni swala wakavuka mto.

"Serikali hii haijawahi kumwogopa mtu," Kobe akaliambia bunge kesho yake.

Nungunungu akagonga meza kuliko wote.