Jina la Mama Tunu

Majina yote mazuri yalikuwa yameshachukuliwa. Mwanaidi, aliyetaka tovuti ya kuuzia vitafunio vyake, alijaribu Visheti Vitamu, akajaribu Jiko Letu, na kila mara msajili wa tovuti alitikisa kichwa.

"Mama Tunu, hilo unaloitwa mtaani, ndilo halijachukuliwa, dada. Ila sheria unaijua: jina likishasajiliwa ni la tovuti. Likiitwa, tovuti ndiyo inaitika."

"Na itakaa wapi?"

"Kwenye mtambo tutakaoufunga ukutani kwako. Ukiiweka kwa watu, wakizima mitambo yao na wewe umezimika."

Akakubali. Alikuwa na haraka ya wateja.

Wateja walikuja kweli. Lakini jirani akiita "Mama Tunu!" dirishani, ukuta wa sebuleni humuwahi: "Abee! Visheti au kashata?" Sauti ni yake mwenyewe, ila haina uchovu. Hata mumewe, ambaye tangu mtoto azaliwe hajui kumwita vingine, akirudi kazini huita, huitikiwa, kisha huketi kuusimulia ukuta habari za kutwa. Mwanaidi, chai mkononi, huenda jikoni na kurudi, hana pa kuingilia.

"Si uniite Mwanaidi?" alimwambia jana.

Mume akacheka. "Mwanaidi? Kama mgeni?"

Leo amemsikia Tunu akivua viatu vya shule barazani, akasogea mlangoni upesi. Kuna neno moja hakulisajili, na hilo alijua bado ni lake.

"Mama!"

"Abee!" waliitika kwa pamoja, yeye na ukuta.

Tunu akasita mlangoni, akamtazama, kisha akaugeukia ukuta.