Kisu cha Mbaruku

Mzee Mbaruku alikuwa na kisu kidogo cha kukunja, mpini wake wa pembe umelainishwa na kiganja chake. Miaka arobaini alikimenyea chungwa la baada ya chakula, ganda likitoka zima, na hakuruhusu mtu akiguse. Leo mkono ulimtetemeka, ganda likakatika mara tatu.

“Nimechoka, Riziki,” alimwambia mkewe.

Alikikunja, akakiweka mkekani, maana kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Riziki alikiokota, akakifungua kwa ukucha, akachukua chungwa jingine. Ganda lilishuka refu, bila kukatika.

“Umejifunza lini?”

“Kila ulipolala mchana, mume wangu.”

Mbaruku alilitazama ganda likining’inia, likizidi kurefuka.