Mbegu ya Chini ya Chandarua

Kitendawili! Harusi ya shambani: bibi harusi na bwana harusi hawatoki nyumbani, na mshenga ndiye anayekula mahari. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimeupokea: ni nyuki na maua ya mbaazi.

Mshenga huyo ndiye aliyemkosesha usingizi Bibi Chandarua. Majirani walimbandika jina hilo kwa kuwa mbaazi zake alizifunika chandarua, utadhani watoto wachanga. Kazi yake ilikuwa kuzalisha mbegu, na mnyauko ulikuwa umekausha mbaazi za bonde zima. Mmea mmoja tu ulisimama. Baba yake ndiye aliyemletea mbegu za mmea huo, konzi moja.

"Umezitoa wapi, Baba?"

"Kula pipi wewe," mzee akacheka, "karatasi ya nini?"

Naye akacheka, akaliacha hapo.

Alizipanda chini ya chandarua ili nyuki wasizichanganye na nyingine. Akavuna, akapanda tena. Zikaota vurugu tupu: mche huu mrefu, ule kibeti, huu maua ya njano, ule yenye michirizi myekundu. Nyingi zikanyauka.

"Nyuki wako wamepenya, Baba. Wameniharibia mbegu. Mizinga iondoke."

Asali ya mizinga hiyo ndiyo iliyomsomesha.

"Lakini mwanangu, pale kwenye mizinga..."

"Hakuna cha lakini! Watu watakula asali mpaka lini? Wanataka mbaazi."

Mzee aliichoma kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, taratibu kama mtu anayezika. Machozi yalipomtoka akasingizia moshi.

Msimu uliofuata hakusikika nyuki bondeni. Bibi Chandarua akapanda mbegu zote, hakubakiza hata punje. Zikaota vurugu vilevile. Halafu mnyauko ukaingia, ukazifagia mstari kwa mstari, usisaze hata mche mmoja.

Aliketi chini vumbini, bua kavu mkononi. Baba yake akachuchumaa kando yake.

"Leo usinitanie, Baba. Mbegu ile uliitoa wapi? Niambie aliyeipanda, nikampigie magoti anipe nyingine."

Mzee aligeukia pale mizinga ilipokuwa.

"Haikupandwa na mtu, mama. Ilijiotea chini ya mizinga, nusu mbaazi yetu, nusu ya jirani; vurugu ile ilizaliwa nayo. Nyuki ndio walioichanganya."